Ombwe limeshuka, ofisi inataka pampu kubwa: tufanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni injinia wa tatu kwenye meli ya gesi, zile za zamani zinazoendeshwa na tabaini ya mvuke. Kwa sasa nipo likizo nyumbani, Nkuhungu hapa Dodoma. Ombwe la kondensa yetu kuu, pale mvuke unapopozwa kuwa maji, limekuwa likishuka. Kitabu kinasema milimita 722 za zebaki bahari ikiwa na nyuzi 24. Sisi tulikuwa tunasoma 700, bahari ina nyuzi 29, na pampu zote mbili za ombwe zinazunguka badala ya moja. Maji ya bahari yanatoka na nyuzi 35, maji ya mvuke uliopoa, kule chini ya kondensa, yana nyuzi 36, na maji ya sili, yanayozibia ndani ya pampu, yana 37. Ofisi inafikiria kutuletea pampu kubwa zaidi. Nitarudi melini mwezi ujao na chifu, injinia wetu mkuu, ameniambia nisirudi mikono mitupu, niende na mawazo. La pili: rafiki yangu fundi friji pale Majengo kanunua pampu ya ombwe, mpya kabisa. Tumeipima kwa geji ya mshale, haipandi zaidi ya 660. Kauziwa feki? La mwisho: meli za mvuke zinaondoka, je, ujuzi huu una maana tena?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na pampu ya rafiki yako, kwa sababu jibu lake ni fupi na tutalihitaji huko mbele.

Hajauziwa feki. Dodoma tupo juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,100 na ushei, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Ukiipima kwa zebaki, hewa ya pwani inasimamisha milimita 760 hivi; ya hapa kwetu inasimamisha kama 665 tu. Geji ya mshale haijui ombwe ni nini. Inachojua ni tofauti kati ya hewa ya nje na kilichomo ndani. Hata mkinyonya mpaka chembe ya mwisho, mshale hautapita pale ambapo hewa ya nje yenyewe imeishia. Milimita tano zinazobaki msizihukumu kwa geji ile, ni ndogo mno kwa mshale wake. Ni jambo lilelile linalofanya maharage ya huku yachelewe kuiva, maana maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na linalofanya chupa tupu ya maji uliyoifunga kizibo hapa stendi ishuke basi Dar ikiwa imebonyea mbavu. Hakuna aliyeikalia. Imebonyezwa na hewa ya pwani.

Sasa shika hilo, twende melini. Ile 722 yenu nayo ni tofauti, si kiasi. Baromita ikiwa 760, maana yake ndani ya kondensa kumebaki milimita 38, yaani kilopaskali 5. Baromita ya siku ile ilikuwa ngapi? Hukuniandikia, na sikulaumu, hakuna anayeiandika. Lakini mkipita kwenye mgandamizo mdogo wa hewa, baromita ikashuka milimita tano, geji yenu inashuka tano na kondensa haina kosa lolote. Kwa hiyo kabla ya yote, kwenye daftari la zamu andikeni presha halisi iliyobaki ndani, yaani baromita ya daraja la nahodha mkiondoa namba ya geji. Mimi nitachukulia ilikuwa 760 ili tuendelee na hesabu.

Umesoma 700. Ndani zimebaki milimita 60, kama kilopaskali 8. Mvuke wa presha hiyo hugeuka maji kwenye nyuzi 41 na nusu. Kitabu kinataka nyuzi 33, bahari ikiwa 24. Yaani kondensa yenu ikiwa na afya hukaa nyuzi tisa juu ya bahari. Bahari yenu imekuwa 29. Ongeza tisa, unapata 38, na mvuke wa nyuzi 38 una kilopaskali 6.6, au milimita 50. Geji ingesoma 710.

Umeona kilichotokea? Katika zile milimita 22 mnazozililia, 12 zimeliwa na bahari ya joto. Hazina dawa, wala pampu ya ukubwa wowote haitazirudisha. Ugonjwa wenu ni milimita kumi. Hizo ndizo za kuzitafuta, na faida yake si ndogo: kwa mvuke wa presha kama ya meli zenu, kutoka kilopaskali 8 kurudi 6.6 ni kama asilimia moja na nusu ya kazi ya tabaini. Kwa meli inayotembea usiku na mchana hayo ni mafuta ya kuhesabika. Wengine hushangaa kusikia kwamba kama asilimia 30 ya kazi yote ambayo mvuke ule unaweza kufanya inapatikana baada ya presha yake kushuka chini ya ile ya hewa ya nje. Huko ndiko tabaini inakoishi. Injini za pistoni za zamani hazikuweza kulifuata ombwe la ndani sana, kwa kuwa mvuke pale unatanuka mno na silinda ingelazimika kuwa kubwa kama nyumba. Mhandisi Charles Parsons alipoleta tabaini baharini miaka ya 1890 ndipo wahandisi walipoanza kugombania kila milimita.

Sasa niseme lile ninalotaka uende nalo kwa chifu. Ombwe halitengenezwi na pampu. Linatengenezwa na maji baridi. Ofisi yenu imekosea hapo, na si wao peke yao, jina lenyewe "pampu ya ombwe" linapotosha.

Jaribu jikoni kwenu jioni hii. Chukua chupa ya plastiki, tia maji ya moto robo, tikisa, yamwage, funga kizibo haraka, kisha iweke chini ya bomba la maji baridi. Itajikunja kama karatasi. Umeiunganisha na pampu gani? Mvuke uliokuwa ndani umegeuka matone, umeacha nafasi yake tupu, hewa ya nje ikaingia kazini. Kwenye kondensa yenu ni hivyohivyo kwa kipimo cha kutisha: kilo moja ya mvuke kwenye kilopaskali 5 inajaza mita za ujazo 28, chumba cha kulala cha kawaida, na ikigusa tyubu baridi inabaki lita moja ya maji. Meli ikipitisha kilo 20 za mvuke kwa sekunde, ni zaidi ya mita za ujazo 400 zinazotoweka kila sekunde. Nitajie pampu ya kunyonya hizo. Haipo.

Pampu ipo kwa ajili ya mgeni asiyegeuka maji, yaani hewa. Inavuja ndani kupitia kila kiungo kilicho chini ya presha ya nje, na kwa kuwa haipoi ikawa maji, inajikusanya. James Watt aliliona hilo mwanzoni kabisa. Kondensa yake ya pembeni, aliyoipatia hataza mwaka 1769, ilikuja pamoja na pampu ya hewa. Aliita pampu ya hewa, na hilo ndilo jina lililopaswa kubaki. Pampu ni mfagiaji wa nyumba. Ukiona takataka zimejaa sebuleni unaweza kuajiri wafagiaji watatu, au ukaenda kufunga dirisha.

Tuzisome sasa namba zako, maana umezituma nzuri kuliko unavyodhani.

Maji ya bahari yameingia na 29, yametoka na 35. Yamepanda sita. Meli kama yenu kwa kawaida hupanda tano na nusu, sita, hivyo maji yanapita ya kutosha. Ingekuwa yamepanda tisa au kumi ningekwambia nenda kwenye chujio la bahari, kuna mifuko ya nailoni na kombe, au pampu ya mzunguko imechoka, au hewa imenaswa juu ya kisanduku cha maji na safu za juu za tyubu hazipati kitu. Mnapotumia ule mdomo wa kuchotea maji chini ya meli, mwendo ukipungua uchotaji nao unapungua. Lakini si hilo linalowasumbua.

Pili: maji yanatoka na 35, mvuke una 41.5. Pengo la sita na nusu. Likiwa jipya, kwa hesabu ya kitabu, lingekuwa kama tatu na nusu hivi. Kuna kitu kimekaa kati ya mvuke na maji. Kinaweza kuwa uchafu ndani ya tyubu, kinaweza kuwa hewa nje ya tyubu. Namba hii peke yake haisemi ni kipi.

Ya tatu ndiyo inayosema. Maji yaliyopoa yana nyuzi 36 wakati geji inadai mvuke uko kwenye 41.5. Maji yaliyotoka kwenye mvuke yanapaswa kukaribiana nao, tofauti ya nyuzi moja, mbili. Yenu yamepitwa na tano na nusu. Tyubu chafu hazifanyi hivyo. Tyubu chafu hupandisha kila kitu pamoja, na maji chini yangekuwa na 40. Yanayofanya hivyo ni mawili. La kwanza, usawa wa maji kwenye kisima cha kondensa umepanda hadi safu za chini za tyubu zimezama na zinapoza maji badala ya mvuke. Hilo unalimaliza kwa kuangalia kioo, dakika moja. La pili ni hewa. Mvuke wa nyuzi 36 una presha ya kilopaskali 5.9 tu. Geji inasema 8. Zile mbili za juu ni za nani? Ni za hewa. Ni makadirio ya haraka, lakini yanakuonyesha sura: kule chini kwenye tyubu za baridi, karibu robo ya presha si mvuke. Na hewa hiyo inazivalisha tyubu blanketi, ndiyo maana pengo la pili nalo limekua. Tena maji yaliyopozwa kupita kiasi hunywa oksijeni, na oksijeni hiyo inapanda hadi kwenye boila. Wazee wa pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mvuke wenu nao uende tabaini kubwa na ndogo, mwisho unarudi kwenye kile kisima. Kikiingia uchafu pale, umeuingiza kila mahali.

Kwa hiyo mna hewa nyingi. Ama inaingia sana ama haitolewi ipasavyo. Nadhani mna yote mawili, na nitakwambia kwa nini.

Tuanze na inakoingilia. Meli ikiwa kwenye mwendo usiobadilika, mwombe chifu ruhusa mfunge kwa dakika chache vali ya kunyonyea hewa kati ya kondensa na pampu, na mtu asimame na saa kwenye geji akiandika kila nusu dakika. Ombwe litaanza kushuka. Kasi ya kushuka ndiyo kipimo cha uvujaji. Lifananisheni na kumbukumbu za meli ilipokuwa mpya au ilipotoka chelezoni. Mkono ubaki kwenye vali, usiingoje tabaini ijifunge yenyewe. Kama bomba la pampu la kutolea hewa linafikika, kuna njia ya kihuni ninayoipenda zaidi: mfuko wa taka wa lita mia, ufunge kwenye mdomo wa bomba, uhesabu sekunde mpaka ujae. Huo ndio uvujaji wako, kwa lita. Hakuna mtu wa ofisini atakayebishana na mfuko wa taka.

Halafu tafuteni. Glandi, yaani sili za shafti, za tabaini ya presha ndogo kwanza, kwa kuwa zinalindwa na mvuke wa kuzibia, na presha yake ikiwekwa chini kidogo, labda kwa sababu geji ya chumba cha udhibiti inadanganya, hewa inaingia bila kelele. Pandisha presha kidogo tu, subiri, tazama ombwe. Likiongezeka umepata mwizi. Kisha tangi la matone lililo wazi kwa hewa ya nje: likikauka, bomba lake la kurudi kondensa linanyonya hewa kama mrija kwenye glasi tupu. Vivyo hivyo bomba la maji ya nyongeza kutoka tangi la maji safi. Vali ya kuvunjia ombwe, kiungo cha kutanukia kati ya tabaini na kondensa, sili za pampu ya kutoa maji, vikoki vya vioo, na kila kijibomba kidogo cha geji ambacho fundi fulani alikifungua akakirudisha kwa mkanda wa sili na dua.

Hapo kwenye vioo nina aibu yangu. Miaka ile nikiwa kijana kama wewe, kwenye meli ambayo sitaitaja, tulianza kupoteza ombwe tukiwa katikati ya Bahari ya Hindi. Sekondi, yaani injinia wa pili, akaamuru ejekta zote, zile zinazonyonya hewa kwa mvuke unaorushwa kwenye nozeli, zifunguliwe. Usiku kucha tulikuwa tunapima matundu ya nozeli kwa mapini, jasho linadondokea kwenye karatasi za vipimo. Nozeli zilikuwa nzima. Tukarudisha, ombwe palepale. Siku ya pili ilikwenda kwenye glandi. Siku ya tatu mpakaji mafuta wa mitambo, mzee mmoja wa Lamu asiyesema sana, alikata ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, akaushika kwa vidole viwili na kuanza kutembea nao polepole kuizunguka kondensa kama mtu anayenusa. Karatasi ilikuwa inapepea kwa upepo wa feni, huku na huku, haina habari. Alipofika kwenye kikoki cha juu cha kioo cha usawa wa maji, ikasimama. Ikanyooka, ikalala kwenye shina la kikoki kama imegundishwa. Pakiti ya pale ilikuwa imekauka na kukatika. Nilikuwa nimeiweka mimi, wiki moja kabla, na niliikata fupi kwa sababu zamu ilikuwa inaisha. Mzee hakusema neno. Alinitazama tu, akaenda kunywa chai.

Vitabu vya zamani vitakwambia tumia mshumaa, mwali unavutwa na tundu. Kwenye meli ya gesi usithubutu hata kulitamka. Karatasi, povu la kunyolea, au bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni vinatosha. Meli zenye bajeti hukodi kipimo cha heliamu: unapuliza gesi kidogo kwenye kila kiungo na chombo kinanusa kwenye bomba la kutolea hewa. Ni kizuri sana, kama mna nafasi. Meli ikisimama bandarini, njia ya uhakika kuliko zote ni kujaza maji safi upande wa mvuke na kutazama yanapotokea. Lakini kondensa nyingi zimekaa kwenye springi. Msipoziegemeza kwa vishikizo kabla ya kujaza, uzito wa maji utaning'inia kwenye tabaini. Msije mkasema sikuwaambia.

Sasa upande wa kutoa. Pampu zenu ni za pete ya maji. Impela, gurudumu lenye mapanga, imewekwa kando ya katikati, maji yanarushwa ukutani yanafanya pete, na nafasi kati ya mapanga na pete inapanuka upande mmoja ikinyonya, inabana upande wa pili ikitoa. Haina vali, haina mguso, inavumilia hata matone. Ina udhaifu mmoja: ile pete ni maji, na maji yana mvuke wake. Hakuna pampu ya namna hii inayoweza kushuka chini ya presha ya mvuke wa maji yake yenyewe.

Maji yenu ya sili yana nyuzi 37. Mvuke wake ni kilopaskali 6.3. Mnamwomba mtu anyonye mpaka 6.6 wakati yeye mwenyewe ana 6.3! Sehemu kubwa ya nafasi ya impela inajazwa na maji yake yanayochemka, hewa yenu inabaki nje inabisha hodi. Ndiyo maana mmewasha ya pili na haikusaidia. Na pampu mpya kubwa, ikipewa maji yaleyale ya nyuzi 37, itakwama palepale ilipokwama ndugu yake, ila kwa umeme mwingi zaidi. Sikiliza sauti yake pia. Kama inatoa mlio wa changarawe kwenye debe, ni viputo vinapasukia kwenye mapanga. Ukifungua utakuta impela imeliwa vishimo kama mawe ya mto.

Bahari ina 29. Kipozeo cha maji ya sili kikiwa safi kinapaswa kuyafikisha 32 au 33, na mvuke wa nyuzi 33 ni kilopaskali 5. Pale pampu inapata pumzi. Kwa hiyo kazi ya kwanza mkifika, kabla ya karatasi, kabla ya mfuko, ni kukifungua hicho kipozeo. Nakuwekea dau utakuta tope na magamba. Kikiwa cha sahani, kusafisha ni kazi ya asubuhi moja. Angalia pia kama maji ya nyongeza ya sili yanatoka mahali penye joto. Nimewahi kukuta bomba lake limepitishwa juu ya mstari wa mvuke, limefunikwa pamoja nao, likipashwa moto kwa upendo wote.

Mkishamaliza hayo, na bado mnataka kuboresha na si kutengeneza tu, pesa ya pampu kubwa naiona mahali pengine. Wekeni ejekta ya hewa mbele ya pampu iliyopo. Inatumia hewa ya kawaida kama nguvu ya kusukuma, inaibana hewa ya kondensa mara kadhaa kabla haijaifikia pete, na pampu inabaki kufanya kazi kwenye presha ambayo maji yake hayachemki. Haina kitu kinachozunguka. Kwenye bahari za joto, na sisi watu wa Bahari ya Hindi hatuna nyingine, ndiyo nyongeza yenye akili kuliko zote ninazozijua. Meli zenye ejekta za mvuke za hatua mbili hazina shida hii ya pete, ila zina zake: nozeli zilizoliwa, mvuke wenye majimaji, na yule mwizi mtulivu, kipindo cha bomba kinachozibwa na maji chini ya kondensa ndogo ya katikati ya hatua hizo: kikipoteza maji yake hewa inazunguka kurudi ilikotoka.

Tyubu nazo hazijaponea. Hata hewa ikiisha, pengo likibaki zaidi ya nyuzi nne mjue kuna ute. Brashi laini za nailoni au visukumio vya plastiki vinavyorushwa kwa maji, basi. Chuma hapana, kitakwangua ile ngozi inayoilinda aloi. Kama tyubu zenu ni shaba ya zinki na alumini, maji yasipite kwa kasi ya zaidi ya mita mbili hivi kwa sekunde, yanakula mdomo wa kuingilia. Yakiwa polepole mno nayo ute unaota. Mkiona kipimo cha chumvi kinapanda, kuna tyubu imetoboka. Fungeni upande huo wa maji, ombwe likiwa bado lipo bandikeni ile nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula juu ya bamba la tyubu. Pale ilipotoboka nailoni inazama ndani kama kishimo cha shavu. Zibeni kwa kizibo, ncha zote mbili. Nailoni hiyo muiombe kwa mpishi kwa adabu, maana mtaimaliza.

Ofisi inaweza kuwaza titani. Chuma kizuri, bahari haikigusi, na kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba hasara ya kupitisha joto vibaya inafidiwa kwa sehemu kubwa. Ila kina masharti. Tyubu nyembamba hutetemeka, hivyo mihimili ya ndani lazima ihesabiwe upya. Na titani ikikaa na bamba la shaba ndani ya maji ya chumvi, bamba ndilo linaliwa. Ukilikinga kwa umeme kupita kiasi, titani inanyonya haidrojeni na kuwa kama kioo. Kwa meli iliyobakiza miaka michache ya kazi, sioni hesabu yake ikirudi. Hilo ni langu, chifu anaweza kuwa na lake.

Umeniuliza pia, pale mwishoni mwa barua, kama ujuzi huu una maana tena ikiwa meli za mvuke zinaondoka. Kweli zinaondoka. Hata Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kupitishwa vipandevipande kwa reli hii ya kati kwenda Kigoma, ilivuliwa injini zake za mvuke miaka ya 1970 ikawekewa dizeli. Lakini karibu meli yoyote kubwa ya dizeli utakayopanda ina mtambo wa kutengeneza maji safi unaochemsha bahari ndani ya ombwe kwa joto la maji ya injini. Viwanda vya sukari vinachemsha juisi ya miwa ndani ya ombwe. Ukikuta ombwe la mmojawapo wa mitambo hiyo halipandi, utaanza na maswali haya haya.

Mkisafisha kipozeo niandikie tena. Nataka namba sita, si tano: geji ya ombwe, bahari kuingia, bahari kutoka, maji ya kisimani, maji ya sili, na safari hii baromita.